Kikundi cha vijana wanaoishi na HIV huku kwetu Malindi na Lamu: mwongozo kamili, kuanzia mahali pa kukaa mpaka siku ya kukabidhi daftari

Kikundi cha kwanza nilichosaidia kuanzisha hapa Malindi kilikufa mkutano wa tatu, na sababu ilikuwa mti. Wallahi mti. Kliniki moja hivi, jina naliacha, ilitupa nafasi chini ya mkungu, viti vya plastiki vimepangwa duara, kivuli safi, upepo wa bahari unaingia, tukaona tumepata, kumbe ule mti uko njiani kabisa baina ya geti na dirisha la dawa na kila anayekuja kuchukua dawa zake za presha lazima atupitie. Siku ya tatu binti mmoja akamuona shangazi yake anaingia na kikapu, akainuka, akaweka simu sikioni akijifanya kapigiwa, akatoka getini na hatujamuona tena. Wiki iliyofuata tulikuja wawili, mimi na nesi.

Kwa hivo hapa sitaanza na malengo na bajeti na yale maneno ya semina. Nitaanza na mahali, siku na jina, manake nshaona vikundi vingi na vinavyokufa hufa kwa vitu vidogo namna hiyo, pesa ikiwa bado iko.

Kidogo kuhusu mimi ili ujue nani anaongea. Nimezaliwa nayo, dawa nilianza nikiwa darasa la pili, ukweli nikaujua na miaka 14 (hapo chini nitasema kwa nini hiyo ni kuchelewa), sa hii nina 27 na miaka kadhaa nilikuwa chempioni wa OTZ, yaani kijana anayeongoza wenzake kwenye mpango wa vijana wanaoishi na HIV. Mimi si daktari. Pale panapohitaji daktari nitasema nenda kwa daktari na uende kweli.

Hatua ya 1: Ongea na CCC (kliniki ya HIV) kwanza, kabla hujamwambia kijana yeyote

Usianzishe kikundi pembeni halafu ndo uende kliniki kuomba baraka. Kliniki ndio yenye majina, tarehe za kurudi, majibu ya virusi, na ndio inayojua nani kapotea. Kenya tayari kuna mpango wa vijana wa miaka 10 mpaka 24 unaoitwa OTZ, Operation Triple Zero, yaani sifuri tatu: sifuri ya kukosa tarehe, sifuri ya kukosa dawa, na virusi visionekane kwenye kipimo. Kama kituo chako kishakuwa na OTZ usianzishe kingine, ingia humo ukitie nguvu. Kama hakina, muulize mkuu wa CCC mambo matatu: vijana walioandikishwa ni wangapi na wanatoka wapi, ni nesi gani wanayempenda (wao wenyewe, si anayependwa na mkubwa wake), na siku gani dirisha la dawa huwa tupu.

Uliza pia nani bado yuko. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada wengi waliokuwa wakilipwa na miradi walienda nyumbani, na vituo vingi vimeanza kuichanganya CCC na foleni ya kawaida ya wagonjwa wa nje. Kwa stigma wengine wanaona ni afadhali, hakuna mlango wa kuogopwa. Kwa kijana ni shida mpya, manake yule nesi aliyemjua tangu utoto hayupo na sasa anaitwa jina kwa sauti mbele ya jirani yake wa Maweni. Hilo liseme mapema na mkuu wa kituo: vijana waitwe kwa namba, au wapewe saa yao.

Hatua ya 2: Mahali, siku, jina

Mahali pawe pale ambapo kijana akionekana ana jibu la haraka la kwa nini yuko pale. Ukumbi wa maktaba, darasa la shule wakati wa likizo, uwanja wa mpira, chumba cha nyuma cha kituo cha vijana. Jaribio langu ni rahisi: simama hapo dakika ishirini uhesabu watu wanaopita na kukutazama. Wakizidi watano, hama.

Lamu ni ngumu zaidi na lazima niseme wazi. Mji wa Lamu mnajuana mpaka punda wa fulani anajulikana ni wa fulani. Nawajua watu wa kisiwani wanaovuka kwa boti mpaka Mokowe, wengine wanaenda hadi Mpeketoni au wanashuka mpaka Malindi kuchukua dawa, ilmradi wasionekane, na kusi ikichafuka boti zikakwama basi na dozi imekwama. Kama unaanzisha kikundi Lamu usiwalaumu hao, wasaidie wapewe dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo, hilo lipo kwenye utaratibu wa kliniki kwa aliyetulia kwenye dawa, na kikao kifanyike bara siku ambayo watu huvuka kwa shughuli zao za kawaida. Wa Faza na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, usiwatarajie kila mwezi, panga nao mara moja kwa msimu na kati yake mpigiane simu.

Siku: Jumamosi ndio kila mtu hufikiria, lakini Jumamosi asubuhi wadogo wako madrasa, Jumapili asubuhi kanisani, Ijumaa mchana hata usiseme. Sisi tumekaa na Jumamosi saa tisa alasiri, na wa bodingi tunakutana nao likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Kikao kiwe siku ile ile ya kuchukua dawa. Hili nakazia. Kijana wa Ngomeni hana nauli mbili kwa mwezi, ana moja, na hiyo moja kaiomba kwa mjomba.

Umri usiuchanganye. Kumi mpaka kumi na nne kivyao, kumi na tano mpaka kumi na tisa kivyao, ishirini kwenda juu kivyao. Nshakaa kikao ambacho mtoto wa miaka 11 anasikiliza maswali ya kondomu huku yule wa 22 anaona haya kuuliza lake kwa sababu ya mtoto, wote wawili wakarudi na njaa yao.

Jina sasa. Tafadhalini, msikiite Tumaini. Wala Mwanga, wala Maisha Mapya. Hayo maneno huku kwetu yashakuwa kama bango shingoni. Kiiteni kitu cha kweli mnachokifanya: timu ya mpira, kikundi cha kupanda mikoko, klabu ya kushona. Na mfanye kweli hicho kitu, manake watu wa mtaa si wajinga, timu ya mpira isiyo na mpira itaulizwa.

Hatua ya 3: Daftari na simu

Daftari ni moja na linalala kliniki ndani ya kabati lenye kufuli. Halina majina, lina namba. Yule anayejua namba ipi ni ya nani ni nesi na chempioni mmoja, bas. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia HIV na Ukimwi inakataza kutoa hali ya mtu bila ridhaa yake, na kuna baraza maalumu la HIV na Ukimwi la kusikiliza malalamiko hayo, halafu ya 2019 ya kulinda data nayo inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Waambie vijana hivyo siku ya kwanza, wajue kwamba mtu akiwatangaza hawana haja ya kunyamaza.

Grupu la WhatsApp ndilo lililovunja nyumba nyingi. Ukishamuongeza mtu kila mmoja anaona namba ya mwenzake, na mmoja akiibiwa simu au dadake akiishika, mmekwisha. Kwa walio chini ya miaka 18 mimi sifungui grupu kabisa. Natumia ile orodha ya kutuma kwa wengi ambapo kila mtu anapokea peke yake, na meseji zetu zinasema "mechi Jumamosi saa tisa, usisahau jezi". Jezi ni kadi ya kliniki. Simu nyingi za nyumbani zinashikwa na watu wanne, kwa hivo kabla hujatuma uliza: simu ni ya nani, nani mwingine anaisoma, nikipiga nijiite nani.

Hatua ya 4: Mtoto ajue ukweli kabla hajaingia kikundini

Hapa ndo penye kazi, na hapa nitakaa.

Huwezi kumweka mtoto kwenye kikundi cha HIV hajui ana HIV. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa umri wa kwenda shule, baina ya miaka 6 na 12, waelezwe hali yao kidogokidogo kulingana na akili zao. Mimi niliambiwa dawa ni za kifua. Miaka yote hiyo, kifua. Nikiwa na 14 nimekaa kwenye benchi nasubiri, nikasoma bango ukutani lenye majina ya dawa, nikaona jina lililoko kwenye chupa yangu. Sikuuliza mtu. Nilirudi nyumbani nikaacha kumeza miezi miwili, si kwa kutaka kufa, ila nilitaka kuona kifua kitafanya nini. Nyanya alipoambiwa ukweli kwamba nimejua alilia akaniambia, "Nlikuwa nangoja ukuwe." Kila mlezi anangoja mtoto akue.

Kwa hivo mnakwenda nyumbani, wewe na nesi au kaunsela, bila fulana zenye maandishi na bila gari la kituo. Wengi wanaolelewa huku wako na nyanya zao, mama alishatangulia au yuko Mombasa anafanya kazi. Keti chini, kunywa chai ukipewa, habari za shamba na za mifugo zije kwanza. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo nyanya."
"Marahaba wanangu. Mmekuja kwa ajili ya mtoto?"
"Ndio nyanya. Anakuwa, na ameanza kuuliza."
"Akijua si ataenda kusema kwa wenziwe? Na akiniuliza mamake alipata wapi, mi nimjibu nini?"

Hofu ni hizo mbili, siku zote, mtoto atasema na mtoto atauliza. Usizipuuze. La kwanza, mwambie nyanya mtoto anayejua huwa msiri kuliko asiyejua, manake asiyejua ndiye anayetoa chupa shuleni akaonyesha wenziwe "dawa zangu za kifua". La pili, mpe maneno mafupi ya kusema: "Ulizaliwa nayo, mamako hakujua, na alikupenda." Hayo yanatosha kwa mwaka mzima.

Kwa mtoto wa miaka 6 au 7 jina la ugonjwa si lazima. Una askari ndani ya damu, kuna mdudu anayetaka kuwala, dawa inamlaza huyo mdudu, usipomeza anaamka. Akifika tisa au kumi ndo mdudu anapewa jina, na nyanya awe pale, na iwe nyumbani au kliniki lakini iwe siku ambayo kesho yake si shule. Baada ya hapo mpigie kesho yake, kisha wiki moja, kisha mwezi. Watoto wengi hunyamaza kwanza na swali linakuja wiki ya tatu wakati unafua nguo.

Hatua ya 5: Dawa zenyewe

Wengi wa kilo 30 kwenda juu sasa wako kwenye kidonge kimoja kwa siku, TLD, ndani yake mna tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Wadogo chini ya kilo hizo wana ya kwao. TLD haichagui chakula, meza umekula au hujala. Kuna wanaokosa usingizi wakimeza usiku, hao wahamie asubuhi, lakini wamwambie nesi.

Saa: funga dawa na kitu kinachotokea kila siku hata simu ikizima. Wa bodingi hawana simu, kwa hivo kengele ya prepu (masomo ya jioni), au kabla ya kupiga mswaki. Anayevua na babake baharini saa ya alamu haina maana, yeye ameze kabla ya kutoka na abebe za ziada kwenye kifuko kikavu, kuna siku upepo unakataa na mnalala kisiwani. Ukisahau, meza ukikumbuka, ila ikiwa saa ya dozi inayofuata ishafika karibu subiri hiyo. Usimeze viwili kwa mpigo kufidia.

Ramadhani. Swali hili linakuja kila mwaka na bado kuna vijana wanaacha dawa mwezi mzima kwa sababu wamesikia kidonge kinabatilisha saumu, nao wanaona haya kuuliza. Kidonge ni kimoja kwa siku, bas meza wakati wa daku au baada ya kufuturu, chagua kimoja usibadilishe katikati. Mimi huwaambia kama mwezi hivi kabla ya Ramadhani wahamishie dawa usiku saa tatu, wengi saa hizo washatoka tarawehe, hivo mwezi ukiingia hakuna kilichobadilika. Kama uko kwenye dawa za TB zenye rifampicin hapo dolutegravir huwa mara mbili kwa siku, masaa kumi na mawili baina yake, hiyo ni habari ya kuongea na daktari kabla ya kufunga.

Kelele ya chupa! Watu wazima hawalijui hili. Vidonge thelathini kwenye chupa ya plastiki vinalia kama kayamba, na ukiwa kwenye tuktuk na wenzako watatu, au kwenye boti ya Mokowe mmebanana goti kwa goti, kila kiruko kinakutangaza. Mimi nilikuwa nashikilia begi kifuani nikitembea kwa miguu ya paka. Dawa yake ni pamba, ya kawaida ya duka la dawa, jaza nafasi ya juu mpaka vidonge visitikisike, na kile kifuko kidogo cha kukausha unyevu kilichomo ndani kiache humohumo. Usimimine dawa zote kwenye karatasi ya gazeti ukazizungusha, huku pwani joto na unyevu vinaziharibu. Chupa ikae penye kivuli, chini ya nyuzi 30, yaani si dirishani, si juu ya kabati chini ya mabati, na si ndani ya gari. Kwa siku mbili tatu za safari, chukua za kutosha kwenye kichupa kidogo kikavu.

Dawa nyingine: vidonge vya damu vya wajawazito, vya kalsiamu, na zile dawa za kiungulia za kutafuna hushika dolutegravir tumboni isiingie mwilini vizuri. Meza TLD masaa mawili kabla yake au masaa sita baadaye. Msichana mmoja wa kikundi chetu namba zake za virusi zilipanda akiwa anameza kila siku bila kukosa, tukamshuku, tukamhoji kama polisi, kumbe ni dawa za kiungulia. Tulimuomba radhi mbele ya wote.

Na kombe, yale maji ya aya za Qurani. Mzazi akitaka mtoto anywe kombe, asomewe, aombewe kanisani, mwache. Kugombana na dua hushindi, tena kwa nini ugombane, mradi kidonge kiko palepale. Unachokataa ni yule anayesema "acha za hospitali kwanza ili hii ifanye kazi". Hapo simama imara, na umtafute imamu au mchungaji wa hapo mtaani aseme yeye, kauli yake itapita pale ambapo yako haipiti. Dawa za mizizi za kunywa nazo zitajwe kwa nesi.

Hatua ya 6: Namba za virusi, na nini zinamaanisha

Vijana hadi miaka 24 hupimwa virusi kila miezi sita. Fundisha kusoma jibu. LDL maana yake virusi ni vichache mno mashine haivioni. Ikifika 200 kwenda juu kuna kitu, tunarudi kwenye dawa, tunatafuta sababu, tunapima tena baada ya miezi mitatu ya kumeza vizuri. Ikikataa kushuka daktari anaangalia kubadilisha.

Kisha waambie U=U, na uwaambie kwa furaha, si kama tangazo la serikali. Anayemeza dawa na virusi havionekani hamuambukizi mpenzi wake kwa ngono. Haya yalipimwa kwa watu: utafiti wa PARTNER kule Ulaya uliotolewa 2016 ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana HIV na mmoja hana, wakalala pamoja bila kondomu kama mara 58,000, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake huyo. Wa pili wa 2019, kwa wanaume wapenzi, ukatoa jibu lilelile la sifuri. Siku nilipoelewa hilo nilikuwa na miaka 20 na nilikaa ufukweni mpaka maghribi.

Kupongezana ni kuzuri ila angalia namna. Kuna kituo kimoja nilichopita kilibandika ukutani orodha ya vijana na alama za kijani na nyekundu, ati kuhamasisha. Wekundu hawakurudi. Sisi tunapongeza waliotimiza tarehe, na mwenye namba ya juu anakaa na chempioni pembeni wanywe soda, swali la kwanza likiwa "nyumbani kukoje". Mara nyingi jibu ni chakula, au kuna mgeni amehamia chumbani na hana pa kuficha chupa.

Hatua ya 7: Mapenzi

Wasiposikia kwako watasikia kwengine. Mgawanyo wangu ni huu. Kwanza, si lazima umwambie mpenzi siku ya kwanza wala kwa meseji. Meseji huwa picha ya skrini na picha huzunguka mtaa kabla ya isha. Mwambie ana kwa ana, sehemu ambayo unaweza kuondoka kwa miguu yako, na kuwe na mtu anayejua uko wapi. Fanyieni mazoezi kikundini, mmoja awe mpenzi anayekasirika. Mnacheka sana lakini siku yenyewe ikifika ulimi haushikani.

Pili, mpenzi asiye na HIV anaweza kutumia PrEP, dawa ya kujikinga kabla, ambayo Kenya ilianza kuitoa 2017. Na kondomu ikipasuka na hujui namba zako zikoje, mpenzi apate PEP, dawa ya dharura ya kuzuia HIV, ndani ya masaa 72, mapema ndo bora, na ameze siku 28 zote. Kondomu bado ina kazi yake hata ukiwa LDL, kaswende na kisonono hazijui U=U, wala mimba.

Tatu, mabinti wanaotaka kuzaa waambiwe wataweza. Namba zikiwa chini, mtoto apewe dawa zake za kinga, anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita, apimwe wiki ya 6, miezi 6, 12, na kile cha mwisho miezi 18 au baada ya kuacha ziwa. Na wasichana wadogo wa miaka 10 mpaka 14 wapate chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, anayeishi na HIV huhitaji zaidi ya dozi moja, kwa hivo aseme.

Nne, na hili huwa naliongea mlango umefungwa. Wengine wanalazimishwa, na mtu wa nyumbani, au na mwenye pesa. Akikuambia, usimhoji mbele ya wenziwe, usiahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, asioge kwanza kama anaweza, kidonge cha kuzuia mimba na matibabu yana masaa yake. Namba 116 ni ya watoto, 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, zote bure.

Hatua ya 8 na 9, kwa haraka

Kichwa kwanza, yaani afya ya akili. Kijana anayekuja kila mara na ghafla anacheka sana, au halali, au anasema "hata nikifa", mkae naye siku hiyo na nesi ajue siku hiyo. Wanaotumia unga (heroini) msiwafukuze kikundini, Malindi ina kliniki ya methadone, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, tangu 2015, na hiyo na za HIV mtu anaweza kumeza pamoja, ila kliniki zote mbili zijuane. Mugoka nayo, yale majani ya kutafuna, si kwamba inaua dawa, inamfanya mtu akeshe na kulala mchana na kusahau saa.

Pesa: mkitaka kusajiliwa mnahitaji watu kumi angalau, katiba, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, sheria ya 2022. Msiandike HIV kwenye jina wala kwenye malengo kama hamtaki, andikeni mikoko. Merigoraundi (mchango wa zamu) ya shilingi hamsini kwa kikao inatosha kuanza, na matumizi ya kwanza yawe nauli ya aliye mbali. Mkipata mfadhili anayetaka picha za nyuso, muulizeni kwanza kama yeye angeweka ya mwanawe.

Hatua ya 10: Kuondoka

Miaka 25 ikifika OTZ imekwisha kwako na unahamia foleni ya wakubwa. Hapo wengi hupotea, manake siku moja unaitwa shujaa na siku ya pili unaambiwa kaa benchi lile. Anzeni mwaka mmoja kabla. Mfundishe kijana kujua majina ya dawa zake bila chupa, namba yake ya mwisho ya virusi, na aingie kwa daktari peke yake, mlezi abaki nje. Siku ya kwanza ya upande wa wakubwa mpeleke wewe mwenyewe, mwonyeshe dirisha, mjulishe kwa nesi mmoja kwa jina. Anayehamia mji mwingine apewe barua ya transfa na dawa za kumtosha mpaka afike, na umpigie akishafika.

Chempioni naye ahame. Mimi nilikabidhi daftari mwaka juzi kwa binti wa Mambrui, tukahesabu kurasa mbele ya nesi, nikampa na ufunguo. Akaniuliza kuna kitu kingine. Nikamtolea kutoka kwenye begi furushi la pamba lililobaki nusu. Akacheka, akafungua begi lake, akanionyesha la kwake.